Soma Kompyuta ya Pikipiki Yako Kabla ya Kuiandika Upya

Leo naweka kando hifadhidata na lugha za programu, tuzungumzie kompyuta ambayo mtu anaweza kuikalia kila siku bila kujua kwamba ipo: ile iliyofichwa chini ya kiti cha pikipiki. Hapa Homa Bay, na hata nikienda Migori, vijana wakisikia nilisomea sayansi ya kompyuta huniuliza swali lilelile: "Omera, unaweza kufungua kompyuta ya pikipiki yangu iende mbio zaidi?"

Inawezekana, tena nyumbani, ukiwa na laptopu, programu na waya wa kuunganisha. Lakini maoni yangu ni kwamba tunaanzia mwisho. Tunachokosa huku si watu wa kuandika upya kompyuta hizo. Tunakosa watu wa kuzisoma.

Kwanza tuelewane. Boxer na TVS nyingi za boda boda huku bado zinatumia kabureta. Fundi huirekebisha kwa bisibisi na sikio lake. Kwenye pikipiki ya injekta hakuna skrubu hiyo. Sensa hupima joto la injini, joto la hewa, shinikizo la hewa na jinsi ulivyovuta mafuta, kisha kompyuta huamua injekta ifunguke kwa muda gani. Injini ya mapigo manne ikizunguka mara 8,000 kwa dakika, duru nzima ya kazi huchukua milisekunde 15 tu. Ndani ya muda huo kompyuta lazima ipate jibu, inyunyize petroli na iwashe cheche.

Jibu hilo hutoka kwenye jedwali: upande mmoja kasi ya injini, upande wa pili mzigo, na katikati nambari nyingi. Jedwali hilo ndilo watu huliita ramani. Kuandika upya ni kubadilisha nambari hizo, basi. Hakuna uchawi.

Sasa tuangalie tunachouziwa. Kuna wanaosema ramani ya kiwandani haifai kwa sababu tuko juu. Kweli, Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya bahari, na hewa ya hapa ina shinikizo pungufu kwa kama asilimia 12 kuliko ya Mombasa. Kabureta iliyopimwa pwani italisonga jambo hilo vibaya, itamwaga petroli kupita kiasi. Lakini pikipiki yenye sensa ya shinikizo la hewa inajipima yenyewe, iwe Mbita ufukweni au ukipanda kwenda Kisii. Ukilipia "ramani ya nyanda za juu" unalipia kitu ulicho nacho tayari.

Wengine huuza kijidude cha kuchomeka kwenye waya wa sensa ya joto la hewa. Hicho ni kipingamizi cha umeme kinachoidanganya kompyuta kwamba hewa ni baridi, nayo inaongeza petroli. Kwa mtu wa boda anayehesabu kila lita, hiyo ni hasara anayojifungia mwenyewe.

Halafu kuna kuwahisha cheche. Hapo nguvu huweza kuongezeka kweli, na hapo ndipo hatari ilipo. Kenya imesumbuliwa na petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, hata serikali ikaweka tozo ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuukomesha mchezo huo. Petroli iliyochafuliwa hivyo hulipuka ovyo, injini ikagonga. Pikipiki ndogo nyingi hazina sensa ya kusikia kugonga huko. Kinga yake ni ile nafasi iliyoachwa na mhandisi kwenye ramani. Ukiila nafasi hiyo, siku moja pistoni itatoboka, na mkopo wa pikipiki hausubiri pistoni mpya. Na kama betri itashuka nguvu katikati ya kuandika, kompyuta yenyewe inaweza kufa hapo hapo.

Kusoma ni habari nyingine. Kwenye Honda nyingi za injekta, ukiunganisha nyaya mbili za plagi ya ukaguzi kwa kipande cha waya, kisha ukawasha swichi, taa ya injini kwenye dashibodi huanza kumetameta. Mmeto mrefu ni kumi, mfupi ni moja. Saba ni sensa ya joto la injini, kumi na mbili ni injekta, ishirini na moja ni sensa ya oksijeni. Hapo hujatumia hata laptopu.

Mwaka jana pale Rongo, njia ya Homa Bay inapokutana na ile ya Migori, nilimkuta kijana ambaye karakana moja ilimwambia kompyuta ya pikipiki yake imekufa, anunue nyingine. Tulihesabu mimeto, tukafuata waya hadi kwenye sensa ya joto. Ulikuwa umekatika. Fundi wa jua kali aliyekuwa jirani aliuunga kwa muda mfupi. Fundi yule hakupungukiwa akili wala mikono. Alipungukiwa orodha ya nambari.

Ndiyo maana nasema suala hili ni la riziki. India, kunakotengenezwa pikipiki nyingi za boda boda, ilianza kanuni kali za moshi tarehe 1 Aprili 2020, na pikipiki nyingi za soko lao zikahamia injekta. Sitashangaa zikifika kwetu kwa wingi. Pikipiki za umeme zinazoingia Kenya nazo zinategemea programu zaidi. Fundi asiyeweza kusoma kompyuta atabaki kubadilisha oili na matairi, na pesa ya kazi yenyewe itapanda basi kwenda Nairobi.

Watengenezaji husema wanafunga kompyuta kwa ajili ya usalama na hewa safi. Kwa upande wa kuandika, nawakubalia kiasi. Lakini kusoma kunamdhuru nani? Mwaka 2015 dunia ilijua kwamba Volkswagen iliweka ndani ya magari ya dizeli programu iliyotambua majaribio ya moshi na kuyadanganya. Programu iliyofungwa ilikificha kitu hicho kwa miaka. Mwaka huohuo Marekani iliwaruhusu wenye magari na matrekta kuvuka kufuli za programu ili kuyachunguza na kuyatengeneza. Na kwetu, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inamruhusu mwenye programu kihalali kutengeneza nakala ya akiba.

Basi ombi langu ni hili. Waagizaji wa pikipiki watoe orodha ya nambari za hitilafu pamoja na kila pikipiki, kwa Kiswahili na Kidholuo. Vyuo vya ufundi vya Homa Bay na Migori vifundishe sensa kama vinavyofundisha kabureta. Sacco za boda boda zinunue kifaa kimoja cha kusomea na kukiweka stejini, kitumiwe na wote.

Na wewe kijana unayetaka mbio: soma nambari zote, hifadhi nakala ya faili la kiwandani mahali pawili, pima mchanganyiko kwa sensa pana ya oksijeni. Ukishafanya hayo yote, huenda ukagundua pikipiki yako ilikuwa inahitaji chujio safi la hewa tu.

Safari njema, na kofia kichwani.