Banyambala wa 1986 na Waliobaki Nyumbani

Ndugu msomaji, kama umewahi kuuguza mtu katika hospitali ya misheni ya Igogwe, wilayani Rungwe, bila shaka unaufahamu ule muda wa kungojea nje. Kuona wagonjwa kuna saa yake, na ndugu wanaotoka vijijini huwahi mno, wakakaa na vikapu vyao vya chakula huku ukungu ukishuka kutoka mlimani. Safari hii nami nilikuwa miongoni mwao, kwani shangazi yangu alikuwa amelazwa. Sikuwa na gazeti mkononi, na simu ilikuwa imezimika. Nilibaki na masikio tu.

Karibu yangu walikaa wazee wawili pamoja na mama mmoja mtu mzima, mke wa mmoja wao. Mume alikuwa mkulima wa kahawa na migomba. Mwenzake ni mwalimu mstaafu. Walikuwa wakibishana juu ya bao, nami kwa dakika kadhaa nikadhani ni bao la Jumamosi iliyopita.

"Lilifungwa kwa kichwa," alisema mkulima.

"Kwa mguu, mzee mwenzangu. Mguu wa kushoto. Mimi nilisimama nyuma ya goli."

"Nyuma ya goli gani? Wewe siku ile ulikuwa juu ya mti!"

Bao lenyewe, ndugu msomaji, ni la mwaka 1986. Kwa wale ambao, kama mimi, walikuwa hawajazaliwa, yafaa tueleze kidogo. Mwaka ule timu ya Tukuyu Stars ilipanda Ligi Daraja la Kwanza, ambayo ndiyo iliyokuwa ligi ya juu kabisa nchini, na katika msimu wake wa kwanza ikatwaa ubingwa wa Tanzania. Ligi hiyo ilianza mwaka 1965, na bingwa wake wa kwanza alikuwa Sunderland, ambayo leo twaiita Simba. Tangu hapo kombe lilizoea kulala Dar es Salaam. Simba peke yake ililichukua mara tano mfululizo, kuanzia 1976 hadi 1980. Yanga nayo ilikuwa na zake nyingi. Mseto ya Morogoro ilikuwa imekwisha kuonyesha njia mwaka 1975, na Coastal Union ya Tanga ingefuata mwaka 1988. Lakini Morogoro na Tanga ni miji mikubwa, yenye reli na viwanda. Tukuyu ni mji mdogo wa mlimani, wenye mvua nyingi na baridi, uliozungukwa na chai, kahawa, migomba na viazi. Kwamba vijana wa huko waliwashinda wakubwa wote katika mwaka wao wa kwanza, hata leo ukilieleza mbele ya kijana wa Kariakoo atakutazama usoni kwanza, aone kama unatania.

Mashabiki waliipa timu hiyo jina la Banyambala. Kwa Kinyakyusa maana yake ni wanaume. Naomba ulishike neno hilo, kwani tutalirudia.

Jambo moja lilinisaidia kuelewa kwa nini wazee wale hawakukubaliana hata juu ya kichwa na mguu. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994. Hata Kombe la Dunia la mwaka ule ule wa 1986, lile la Mexico ambalo Maradona alitamba, wananchi wengi walilipata kwa redio na magazeti tu. Kijana wa leo akikubishia juu ya bao, anakufungulia picha kwenye simu na ubishi unakwisha. Ubishi wa Tukuyu hauna wa kuumaliza, na nadhani ndiyo maana umeishi muda mrefu hivi. Kila shahidi ana bao lake.

Mwalimu ndiye aliyekuwa na maneno mengi zaidi. Alitueleza kwamba alianza kupenda michezo katika chuo cha ualimu alikosomea, ambako walikuwa na timu ya mpira wa miguu na ya mpira wa kikapu pia. Kikapu walikicheza kwenye uwanja wa udongo. Mvua ikinyesha, alisema, mpira haudundi. Ukiupiga chini unabaki pale pale kama ugali, na hivyo walijifunza kupasiana bila kuudundisha kabisa. Walipokwenda kushindana na chuo kingine chenye uwanja wa saruji, wenyeji walishangaa kuona timu isiyodundisha mpira, na kabla hawajazinduka walikwisha kufungwa vikapu vingi. Sina njia ya kuhakikisha habari hiyo, lakini alivyoisimulia hata mlinzi wa lango alisogea.

"Hiyo ya chuo tunaijua," mkulima alimkatiza. "Turudi kwa Banyambala."

Na yeye akaanza kutupa safari yake. Siku ya mechi alitoka nyumbani alfajiri, akateremka hadi barabara kuu, akapanda lori la viazi kwenda Mbeya, yeye na wenzake wasiohesabika, wamesimama juu ya magunia. Nauli, kiingilio na chakula cha njiani vilitoka katika fedha za kahawa. Aliutaja Uwanja wa Sokoine kwa sauti ile ambayo wengine huitumia wakitaja kanisa. Aliwataja wachezaji mmoja mmoja. Alipofika kwa Godwin Aswile alisimama kidogo, akatikisa kichwa, akaendelea. Akataja pia Sekilojo Chambua, ambaye kutoka Tukuyu Stars alikuja kujiunga na Yanga na kuichezea timu ya Taifa, na hapo mwalimu akasema kwa uchungu, "Unaona? Waliwachukua wote." Ni kweli kwamba mji mdogo ukiwa na mchezaji mzuri, mji mkubwa utamwita, na hatuwezi kumlaumu kijana aliyeitika. Timu ilipungua nguvu, ikashuka daraja, na miaka ikapita. Jiji la Mbeya lilipopata timu ya Mbeya City, ambayo nayo ilipanda na katika msimu wake wa kwanza wa 2013/14 ikashika nafasi ya tatu, wazee wengi wa Rungwe walisema waliwahi kuiona sinema hiyo, tena ilivyomalizika vizuri zaidi.

Muda wote huo yule mama alikuwa kimya, akifunga na kufungua kitambaa kilichofunika kikapu chake. Sikumtilia maanani, nalikiri hilo. Mumewe alipofika mahali pa kueleza jinsi walivyorudi usiku, wakiimba njia nzima, hata sauti zikawakauka, mama akasema bila kumtazama mtu:

"Niliwasikia."

Mumewe akacheka. "Ulisikia nini, nawe ulikuwa nyumbani umelala?"

"Sikuwa nyumbani, baba. Nilikuwa hapa."

Akainyosha mikono juu ya magoti, akaeleza. Hakuwa na haraka wala hakupandisha sauti. Mtoto wao wa tatu alikuwa na miezi minane. Alikuwa na kikohozi tangu katikati ya wiki. Mchana wa siku ile ya mechi, baba yake akiwa kwenye lori, kifua kikaanza kubana na mtoto akakataa ziwa. Aliwaacha wale wawili wakubwa kwa jirani, akamfunga mdogo mgongoni, akajifunika kanga mbili na gunia kwa juu kwa sababu ya mvua, akapanda vilima hadi Igogwe kwa miguu. Ndani ya nyumba hapakuwa na fedha. Si kwamba zilikuwa kidogo. Hazikuwapo, kwani zilikwenda Mbeya. Alipokewa hivyo hivyo, mtoto akaonekana ana nimonia, akachomwa sindano, na mama akakesha amekaa, amemwegemeza kifuani ili apate kuvuta pumzi.

"Usiku sana nikasikia wanaume wanaimba huko barabarani. Nikajua mmeshinda. Nilijua kabla ya redio."

Mwalimu aliinamisha kichwa. Mume alikuwa akiitazama kofia yake. Baadaye akasema, "Lakini nilikuja asubuhi."

"Ulikuja," mama akakubali. "Ulikuja umekauka sauti, nikakuuliza jambo ukanijibu kwa mikono."

Hapo tulicheka wote, naye mama akacheka kuliko sisi. Sikuona kinyongo usoni pake. Lakini nilimuuliza kama amewahi kuisimulia habari hiyo mbele ya watoto wake, akanijibu kwamba wakati wa kusimulia 1986 huwa ni wa baba.

Ndugu msomaji, tangu siku hiyo nimekuwa nikilifikiri lile jina la Banyambala. Wanaume waliocheza walistahili sifa zote walizopata, nami simpunguzii mtu jasho lake. Wilaya nzima ilijiona imesimama, na mwaka wenyewe ulikuwa mgumu. Sabuni, sukari na mafuta ya taa vilikuwa vya kutafutwa. Betri mbili za redio zilitunzwa kama vito, zikianikwa juani zipate nguvu ya kumalizia matangazo ya Radio Tanzania. Katika shida hiyo, furaha ya ushindi haikuwa anasa. Ila iligharimiwa, na sehemu ya gharama hiyo ililipwa na watu ambao hawakuuona uwanja hata siku moja. Kahawa iliyotoa nauli ilichumwa na nani? Katika nyumba ile ya mkulima, kwa maelezo ya mkulima mwenyewe, waliichuma wote wawili.

Nawaandikia hasa ninyi mnaoishi mijini kwa mshahara, kwa kuwa lori la viazi halijatoweka, limebadilika sura tu. Leo ni jezi mpya kila msimu, ni kiingilio cha kibanda cha kuonyeshea mpira, ni basi la mashabiki kwenda mkoa mwingine, na juu ya yote hayo ni kamari ya mikeka, ambayo wazee wa Igogwe hawakuwa nayo na wala isingewafaa. Simwambii baba yeyote aache mpira. Mimi mwenyewe Jumapili jioni hunipati nyumbani. Lakini tangu nirudi Igogwe nimeanza kumweleza mwenzangu kabla ya kutoka ninakwenda wapi na nimechukua kiasi gani, na mara mbili ameniambia, tena kwa utulivu, kwamba wiki hii hapana. Mara ya kwanza nilinuna. Mara ya pili nilisikiliza mechi kwa redio huku nikimenya viazi, na timu yangu ilifungwa, kwa hiyo sikukosa kitu.

Wengine watasema mambo ya kale yaachwe, kwamba mtoto alipona na kombe lilipatikana. Sikubaliani nao. Watoto na wajukuu wa nyumba ile wanaijua nusu ya mwaka 1986. Wanajua nani alifunga, ingawa hawajui kama ni kwa kichwa au kwa mguu. Hawajui kwamba siku ile ile mmoja wao alikuwa akipigania pumzi mlimani, mama yake akihesabu pumzi hizo moja moja. Mimi ningekuwa mjukuu wao ningependa kupewa zote mbili, tena kwa pamoja, jioni moja, baba akianza na mama akimalizia, au kinyume chake.

Kabla kengele haijalia alifika mwanamume wa makamo, mrefu, amebeba chupa ya chai, akawaamkia wazee kwa heshima akiinama. "Ugonile," akaniambia na mimi. Mama akanong'ona kwamba ndiye yule wa miezi minane. Nilimtazama kifua bila kukusudia. Kilikuwa kipana kama mlango.

"Mko kwenye mechi gani leo?" aliwauliza wazee huku akimimina chai.

Mwalimu alimgeukia mkulima. Mkulima alipokea kikombe, akakishika kwa mikono miwili, akapuliza.

"Ile ya Mbeya," akasema. "Keti. Ila leo ataanza mama yako, kwa sababu yeye alikuwa hapa."

Kengele ikalia. Watu wakanyanyuka na vikapu vyao, na mlangoni nikamsikia mwalimu bado anasema nyuma yangu kwamba ulikuwa mguu, mguu wa kushoto, na kwamba ule mti aliupanda mwaka mwingine kabisa.