Kumbikumbi na Aibu ya Wasomi

Katika lugha yetu yapo maneno ambayo yamegeuzwa kuwa matusi pasipo kosa lolote. Mojawapo ni neno "mdudu". Ugonjwa unaotisha huitwa mdudu. Mtu akitaka kumdunisha mwenzake humwambia, "Wewe ni mdudu tu." Kwa hiyo mwananchi wa Mufindi asemapo kwamba jana alikula kumbikumbi, msomi anayemsikiliza hasikii habari za chakula, husikia habari za unyonge. Insha hii naiandika kupinga masikio ya namna hiyo. Nasema waziwazi tangu mwanzo: aibu wanayoiona wasomi wetu mbele ya kumbikumbi haina msingi katika elimu wala katika usafi. Ni ugonjwa wa kuiga, na wanaoulipia ni watoto wadogo.

Kwa msomaji asiyeifahamu Igowole, ukitoka Mafinga kwa barabara kuu iendayo Makambako na Mbeya, ukifika Nyololo unakata kushoto kuelekea Kibao na Mgololo. Ni nchi ya baridi na ukungu, ya misitu ya misindano na mashamba ya chai. Sokoni Igowole utakuta maharage, njegere, viazi mviringo, kabichi, nguo za mitumba, na wakati wa masika ulanzi mbichi katika madumu. Mvua za kwanza zikishanyesha, kati ya Novemba na Desemba, utakuta pia akina mama wameketi na nyungo zenye kumbikumbi waliokaangwa na kupepetwa mbawa, wakipimwa kwa kikombe kama karanga.

Msimu mmoja nilikwenda sokoni hapo pamoja na mwalimu kijana aliyehamishiwa huku kutoka Pwani. Alikuwa hajapata kuwaonja. Mama mmoja, baada ya kutusalimu "Kamwene" na sisi kuitikia, alimmiminia wachache kiganjani akasema, "Onja kwanza, mwanangu, kununua baadaye." Kijana aliangalia kiganja chake kwa muda, akafumba macho, akatia mmoja kinywani. Akatafuna. Akatia wa pili bila kufumba macho. "Mwalimu," akaniambia, "hizi si karanga za chumvi hizi?" Tukanunua vikombe viwili.

Hapo ndipo nilipomwona mama mwingine, amevaa vizuri, amemshika mkono mtoto wa miaka minne hivi. Mtoto alinyosha mkono kwenye ungo, naye akavutwa kwa nguvu: "Acha uchafu huo!" Mkoba wa mama yule ulikuwa wazi, na ndani yake zilionekana pakiti za biskuti na chupa ya soda ya rangi. Sina ugomvi naye, maana simjui. Nina ugomvi na sisi tuliomfundisha. Nani alimwambia kwamba maji ya sukari yenye rangi ni maendeleo, na kwamba mafuta na nyama aliyowaletea Mungu mpaka mlangoni ni uchafu?

Hebu tumtazame kumbikumbi mwenyewe. Ni mchwa aliyeota mbawa. Anapokuwa ndani ya kichuguu hulishwa na wenzake chakula kitokanacho na miti na majani makavu. Mvua ikilainisha ardhi, hutoka kwa maelfu, huruka, hupukutisha mbawa, kisha hutafuta mwenzi ili waanzishe kichuguu kipya. Walio wengi hawafiki huko, kwa kuwa huliwa na ndege, vyura na mijusi usiku uleule. Malkia hubaki ndani, na mwaka unaofuata kichuguu hutoa wengine. Wazee wetu walilijua jambo hili bila kwenda chuo. Walichimba kishimo kando ya kichuguu, wakafunika kwa majani, wakavuna bila kubomoa. Siku hizi taa juu ya beseni la maji hufanya kazi hiyohiyo. Halafu wanaoitwa wachafu huwaosha, huwakaanga katika kikaango kikavu kwa mafuta yao wenyewe, huwaanika na kuwapepeta.

Sasa mlinganishe na kuku wa kienyeji. Kuku huyo hushinda jalalani akichakura, na mende akipita mbele yake hamwachi. Jioni akija mgeni wa heshima, huyo ndiye tunayemchinja. Au mtazame kamba wa baharini, ambaye katika hoteli za Dar es Salaam huuzwa kwa bei ya kutisha. Anayesoma elimu ya viumbe anajua kwamba kamba na wadudu ni wa ukoo mmoja mkubwa, wote wana miguu yenye viungo na gamba badala ya mifupa. Msomi yuleyule anayemmenya kamba kwa uma akijiona bwana mkubwa, hutema mate akitajiwa kumbikumbi. Je, tofauti iko tumboni au katika meza ya hoteli?

Wapo watakaosema ni chakula cha njaa. Ni kweli kwamba kumbikumbi hutoka miezi ambayo ghala zimepungua na maharage mapya hayajakomaa. Lakini hiyo ni sifa, si kashfa. Zaidi ya hayo, makabila mengi huvila vyakula vya namna hii ghala zikiwa zimejaa. Mkoani Kagera senene ni kitoweo cha heshima, na Wahaya walioko Dar es Salaam husubiri vifurushi kutoka nyumbani. Katika Kiganda mwezi wa Novemba wenyewe hubeba jina la mdudu huyo, na upo ukoo wa Baganda unaojiita kwa jina lake. Kando ya Ziwa Nyasa watu hukusanya wale wadudu wadogo waitwao kungu, wanaotanda juu ya maji kama moshi, wakawafinyanga kuwa andazi. David Livingstone alipofika ziwa hilo mwaka 1861 alikaribishwa andazi hilo, akaliandika kitabuni. Huko Kongo viwavi vilivyokaushwa huuzwa masokoni waziwazi. Je, hawa wote wana njaa?

Wengine huleta dini. Anayezuiwa na imani yake namheshimu, wala simlazimishi. Lakini asiseme kwamba kula mdudu ni ushenzi. Yohana Mbatizaji alikula nzige na asali ya mwitu, torati ya Musa iliruhusu nzige, na Waislamu wanajua kwamba nzige ni halali. Kama manabii hawakuona haya, sisi tumeitoa wapi?

Nitajibu. Tumeitoa shuleni. Shule ya kikoloni ilimfundisha mtoto kwamba kila kilicho cha kwao ni giza. Uhuru ulipokuja tulibadilisha bendera kabla ya kubadilisha fikra. Mwalimu Nyerere aliliona hilo. Katika Elimu ya Kujitegemea, mwezi Machi mwaka 1967, alilalamika kwamba elimu tuliyoirithi inamtenga kijana na jamii yake na kumfanya aamini kwamba maarifa yote yamo vitabuni na kwa wenye vyeti. Sisi tuliosomea ualimu katika miaka iliyofuata tulilisoma andiko hilo na kulifanyia mtihani. Lakini ingia leo darasani wanapofundishwa vyakula vya kujenga mwili. Ubaoni utaona nyama, samaki, mayai, maziwa na maharage. Vinne vya kwanza mtoto wa kijijini huvila kwa nadra. Kumbikumbi, ambaye labda yumo mfukoni mwake saa ileile, hatajwi.

Jambo hili lingekuwa la kuchekesha kama lisingekuwa la msiba. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba nchini Tanzania watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mkoa uliokuwa wa kwanza kwa udumavu ulikuwa Iringa, wenye watoto 57 hivi katika kila 100. Njombe na Rukwa ilifuatia, kila mmoja ukiwa na nusu ya watoto wake. Msomaji asome tena majina hayo. Hii ndiyo mikoa inayolisha nchi! Hatukukosa mahindi. Tumekosa kile kinachopaswa kukaa pembeni mwa mahindi. Mtoto hushinda na uji mweupe wa sembe, hulala na ugali, tumbo limejaa na mwili una njaa.

Sembe ina upungufu wa baadhi ya vijenzi vya protini ambavyo mwili wa mtoto hauwezi kujitengenezea. Wadudu kama kumbikumbi wanavyo. Wakikaushwa, kwa aina nyingi theluthi moja hivi ya uzito wao ni protini, sehemu kubwa ya iliyobaki ni mafuta, na wana madini ya chuma na zinki. Kijiko cha unga wao katika uji hakihitaji jokofu wala mkopo wa benki. Sisemi kwamba kumbikumbi peke yao watamaliza udumavu. Msimu wao ni mfupi, na udumavu una sababu nyingi, zikiwamo maradhi na mama kukosa nafasi ya kumnyonyesha mtoto ipasavyo kwa wingi wa kazi. Nasema hivi: mkoa wenye watoto 57 waliodumaa katika kila 100 hauna haki ya kukidharau chakula chochote kizuri.

Kichekesho kikubwa ni kwamba Wazungu tuliowaiga wamekwisha kugeuka. Mwaka 2013 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitoa kitabu kizima juu ya wadudu wanaoliwa, likisema kwamba watu bilioni 2 hivi duniani hula wadudu, wa aina zaidi ya 1,900. Mwaka 2021 Umoja wa Ulaya ukaruhusu rasmi funza wa unga wauzwe kama chakula cha binadamu, na nzige na nyenje wakafuata. Natabiri kwamba siku moja watatuletea wadudu hao katika pakiti inayong'aa, nasi tutapanga foleni. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Tahadhari zipo, na mwalimu mkweli hazifichi. Mdudu aliyepuliziwa dawa ya sumu asiliwe kamwe. Mtu anayevimba au kuwashwa akila kamba wa baharini awe mwangalifu. Kumbikumbi wakaangwe wakaive, wakaushwe vizuri, wasihifadhiwe na unyevu. Lakini hayo ni masharti ya chakula chochote. Nyama mbichi nayo huua, na hakuna aliyefunga bucha kwa sababu hiyo.

Basi ninalodai ni dogo. Mwalimu wa darasa la tatu amwandike kumbikumbi ubaoni, katika safu moja na samaki na mayai, bila kutabasamu. Muuguzi wa kliniki anapowaeleza akina mama juu ya lishe amtaje bila kusubiri waraka kutoka juu. Mtumishi wa serikali aliyezaliwa Mufindi anunue kikombe chake mchana, mbele ya watu, ale akitembea. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Hapa aliyeiacha asili ni sisi wakubwa wenye vyeti, na anayeutumikia huo utumwa ni mtoto wa miaka minne ambaye hatarefuka tena.