Sonona si Uvivu

Miongoni mwetu wanafasihi, ni nadra kumpata asiyemkumbuka Kazimoto, mhusika mkuu wa Kichwamaji (1974), riwaya ya Euphrase Kezilahabi. Tumeandika insha baada ya insha kuhusu kujiua kwake, na aghalabu jibu letu huwa moja: udhanaishi. Jibu hilo si baya. Hata hivyo, limetuzoesha kukiona kifo cha aina hiyo kama hoja ya kifalsafa tu, ilhali mabwenini mwetu wamo wenzetu wanaougua nasi hatuwatambui.

Maradhi ninayoyazungumzia ni sonona, ambayo wengine huiita unyogovu. Kusonona ni kuumia moyoni. Pengine ndiyo sababu wengi hudhani kuwa sonona ni huzuni tu, na kwamba itapoa yenyewe. La hasha! Wataalamu wa afya ya akili huitofautisha na huzuni ya kawaida kwa uzito na muda wake: mtu hugubikwa na majonzi, au hukosa kufurahia lolote, takriban kutwa nzima, karibu kila siku, kwa majuma mawili au zaidi. Isitoshe, haiishii moyoni. Huvuruga usingizi, hubadili hamu ya chakula, huumiza kichwa na mgongo, na humchosha hata asiyefanya kazi yoyote. Fauka ya hayo, wenye kisukari au maradhi ya moyo wamo katika hatari kubwa zaidi ya kupatwa na sonona, nayo sonona huwafanya wapuuze dawa na mlo.

Tabia nazo hubadilika. Mcheshi hujitenga, mpole huwa mkali, mwingine hukimbilia pombe. Sisi nasi tuna majina tayari: mvivu, mwenye maringo, mlevi. Darasani tunafunzwa kuwa tendo la mhusika ni ishara, na kwamba tutafute kiini chake kabla ya kumhukumu. Mbona haki hiyo tunamnyima jirani wa chumba cha pili?

Huenda mtu akauliza: je, kila mvivu sasa ni mgonjwa? Sivyo. Lakini mvivu huikwepa kazi ili aifuate raha. Mwenye sonona, hata raha yenyewe haimfurahishi. Tofauti hiyo hudhihirika kwa kuuliza na kusikiliza, si kwa kukisia.

Sheria nayo imeanza kusogea. Januari 2025, Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinakiuka Katiba. Itakuwa aibu iwapo mahakama itamwona mgonjwa pale ambapo sisi, wakereketwa wa lugha, tungali tunaona kosa.

Sonona hutibika kwa ushauri nasaha, kwa dawa, au kwa vyote viwili. Wahenga walisema kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mgonjwa atayafichua vipi iwapo kila neno tulilo nalo ni la kumkejeli? Kwa hivyo, mwanafunzi mwenzangu, umwonapo mwenzio halali, hali, wala haji darasani, usimpe jina. Muulize, msikilize, kisha umsindikize hadi kwa mshauri.