Muulize fundi: Picha ngapi kwa sekunde?

Mpenzi msomaji, huenda kabatini mwako mna kanda ya arusi ya miaka ya tisini, nawe wataka fundi aihamishie kwenye kompyuta kabla haijaingia kuvu. Hilo ni wazo jema. Lakini kabla hujamkabidhi, muulize: ataihifadhi kwa picha ngapi kwa sekunde?

Video ni picha nyingi zilizotulia, zinazofuatana upesi hata jicho likadanganyika. Sinema za sauti kwa kawaida hupigwa picha 24 kwa sekunde. Hapa Kenya tulifuata mtindo wa PAL, kwa hivyo kanda zetu zina picha 25. Kanda za Marekani, za mtindo wa NTSC, zina takriban 30.

Balaa huanza pale hesabu hizi zinapobadilishwa. Sinema ya picha 24 ikiendeshwa kwa 25, ile ya dakika 100 humalizika kwa dakika 96, na sauti hupanda kidogo. Wengi hawatatambua. Lakini kutoka 25 hadi 30, njia rahisi ni kurudia picha moja katika kila tano. Hapo bibi arusi aliyeingia kwa madaha ataonekana akishtukashtuka kama matatu kwenye matuta.

Kompyuta yaweza pia kubuni picha za katikati. Mara nyingine hupendeza, mara nyingine mikono inayopiga makofi huvurugika kama ugali usioiva. Tena kumbuka, picha hizo za kubuni hazikupigwa siku ile.

Na wenye filamu za zamani za milimita 8, zisizo na sauti? Nyingi zilipigwa picha 16 au 18. Fundi akiziendesha kwa 25, marehemu babu atatembea mbio kana kwamba anafukuzwa na nyuki!

Basi fanya hivi. Mwambie fundi ahifadhi kanda yako kwa picha 25, jinsi ilivyorekodiwa. Akupe dakika tano za majaribio. Tazama watu wakitembea na usikilize nyimbo. Ukitaka kuichanganya na video za simu, ambazo nyingi ni za picha 30, abadilishe nakala tu. Na kanda yenyewe usiitupe, kwani picha iliyopotea katika nakala bado imo humo.

Kuuliza si ujinga. Tukutane Jumapili ijayo.