Baga za bata mzinga tuzipike wenyewe

Maharusi wengi siku hizi wanajua kupamba keki, lakini baga wanaagiza nje. Sisi tunaona baga ya bata mzinga ni ya kupika nyumbani, na sababu ya kwanza ni halali. Nyama ikishasagwa haituambii nani kachinja. Tukinunua bata mzinga kwa mtu tunayemjua, akachinjwa kwa Bismillahi, tukamsaga wenyewe, tunakula moyo umetulia.

Wapo wanaosema nyama yake kavu. Ni kweli haina mafuta mengi, lakini dawa yake si kumwaga viungo. Kwa nusu kilo yatosha kitunguu maji kimoja cha kukuna, kijiko cha chai cha thomu, nusu kijiko cha uzile, pilipili manga, kotmiri, chumvi na kijiko kikubwa cha mafuta. Tusiikande sana, itakuwa ngumu. Moto uwe wa wastani, na ndani ifike nyuzi joto 74, maana nyama ya ndege hailiwi mbichi.

Kuuliza nyama imetoka wapi si ukorofi, hata ukweni. Ladha huanzia hapo, na baraka pia.