Zebaki Isiingie Jikoni

Ukifika kwenye machimbo madogo ya dhahabu mkoani Geita utawakuta akina mama wengi kazini. Wanaponda mawe, wanachekecha unga wake, wanaosha mchanga na kuchanganya zebaki kwa mikono mitupu. Hata hivyo wako watu wasemao kuwa hao si wachimbaji, ati mwanamke akisogelea shimo dhahabu hupotea.

Mwaka 1935 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuwakataza wanawake kufanya kazi chini ya ardhi migodini. Nia ilikuwa kuwalinda. Mkataba huo ulifutwa mwaka 2024. Lakini kwa mama wa machimbo madogo, hatari kubwa haiko shimoni peke yake. Iko pia nyumbani kwake.

Zebaki hunasa chembe za dhahabu, ikafanya donge. Karibu nusu ya uzito wa donge hilo ni zebaki. Likichomwa motoni, dhahabu hubaki na zebaki huondoka kama mvuke. Mvuke huo hauonekani wala haunuki. Mara nyingi kazi hii hufanyika uani au jikoni, mahali pale pale panapopikwa ugali, watoto wakiwa wameketi karibu.

Anayevuta mvuke huo mara kwa mara huanza kutetemeka mikono, kuumwa kichwa, kukosa usingizi na kusahau. Figo nazo huharibika. Kwa mama mjamzito madhara ni makubwa zaidi, kwani zebaki hupita hadi kwa mtoto aliye tumboni na kudhuru ubongo wake unaokua. Huko Minamata, Japani, ambako ugonjwa wa zebaki ulitambuliwa mwaka 1956, akina mama waliokula samaki wenye sumu hiyo walizaa watoto wenye ulemavu mkubwa, hali baadhi yao wenyewe walionekana wazima.

Mkataba wa dunia wa mwaka 2013 uliopewa jina la mji huo unataka uchomaji wa zebaki kwenye makazi ya watu ukomeshwe. Tanzania ni mwanachama wake. Basi tusingoje askari aje kutufukuza jikoni. Tuanze wenyewe:

1. Donge lisichomwe nyumbani kamwe. Kila machimbo yatenge mahali pa kuchomea, mbali na nyumba na visima.
2. Litumike chombo cha chuma chenye kifuniko na bomba, kinachopoza mvuke na kurudisha zebaki. Kikundi kinaweza kununua kimoja kwa kuchangishana.
3. Mama mjamzito au anayenyonyesha asishike zebaki, na watoto wasisogee.
4. Mawe yaloweshwe maji kabla ya kupondwa, kwani vumbi lake huharibu mapafu na kurahisisha kifua kikuu.

Wengine watasema dawa ni kuwaondoa wanawake machimboni. Mimi sikubali. Mama aliyeondolewa machimboni hana fedha ya ada wala ya dawa, naye atarudi kuchoma kwa kujificha, tena jikoni. Afadhali aingie kwenye kamati ya machimbo, apate leseni kwa jina lake, na awe na sauti kuhusu mahali pa kuchomea. Ajuaye mtoto analala wapi ndiye atakayeusogeza moto mbali.

Dhahabu huuzwa siku moja ikaisha. Ubongo wa mtoto ukiharibika, hakuna soko la kuununua mwingine.