Je, picha za satelaiti zinamwona mtoto wako?

Siku ya huduma ya mkoba, muuguzi hufika kijijini na kiboksi cha chanjo. Idadi ya dozi alizobeba hutokana na makadirio: eneo hili lina watoto wangapi wa umri wa kuchanjwa? Makadirio yakiwa madogo, dozi zinaweza kuisha akina mama wakiwa bado kwenye foleni, au kitongoji kizima kikaachwa nje ya ratiba.

Makadirio huanzia kwenye sensa. Mwaka 2022 Singida ilihesabiwa watu 2,008,058, kutoka 1,370,637 mwaka 2012. Lakini kati ya sensa na sensa ni miaka kumi, na watu hawakai wakisubiri. Wanahama, wanafungua mashamba mapya, wanazaa. Ndiyo maana siku hizi wataalamu huongezea picha za satelaiti. Programu ya kompyuta huonyeshwa picha nyingi za majengo hadi iyatambue, kisha huyatafuta yenyewe. Mwaka 2021 Google ilitoa ramani ya majengo milioni 516 ya Afrika iliyotengenezwa kwa njia hiyo. Watafiti wa WorldPop, Uingereza, huchanganya taarifa za namna hii na sensa kukadiria watu katika kila mraba wenye upande wa mita 100 hivi.

Ni msaada mkubwa, ila mtu wa Singida ataona tatizo haraka: nyumba ya tembe. Paa lake ni bapa, limefunikwa kwa udongo. Ukilitazama kutoka juu, rangi yake ni ile ile ya uwanja. Bati linang'aa, tembe inajificha. Google wenyewe wameeleza kwamba nyumba za vifaa vya asili huchanganyika na mazingira yake. Vibanda vya nyasi vya Wahadzabe kule Mkalama, chini ya miti, ni vigumu zaidi. Na mfugaji huenda alishahama na ng'ombe wake picha ilipopigwa. Kwa hiyo wanaoweza kukosekana kwenye ramani mara nyingi ni wale wale walio mbali na zahanati.

Hili si jambo dogo. Februari 2022 Malawi ilitangaza mtoto aliyepooza kwa polio, na mwaka huo huo Tanzania ikafanya kampeni za chanjo nyumba kwa nyumba kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Nyumba isiyojulikana ilipo ni rahisi kurukwa.

Satelaiti haijui kwamba umejifungua wiki iliyopita. Anayeweza kujua ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, kwa hiyo mwambie akuandikie mtoto kwenye daftari lake. Mkihamia kitongoji kipya, mjulishe na mwenyekiti, hata kama ni kwa msimu wa kilimo tu. Siku dozi zikiisha kabla hujafikiwa, usiondoke kimya. Omba jina la mtoto liandikwe na upewe tarehe ya kurudi, maana mtoto aliyeandikwa huingia kwenye hesabu ya safari ijayo.

Na kama amekosa dozi ya wiki ya 6, 10 au 14, au ya surua ya miezi 9, mpeleke na kadi yake ya kliniki. Haanzi upya, anaendelea pale alipoishia, na chanjo hizo ni bure.